Kelele si mtawanyiko: Funzo nililopewa na fundi wa faiba

Majuzi nilipokuwa Malindi, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni fundi wa faiba alinijia na kurasa kadhaa mkononi. Ilikuwa tafsiri yangu mwenyewe, niliyoombwa kuiandaa kwa vijana wanaojifunza kazi hiyo. Aliniamkia kwa heshima, kisha akaja na lake.

"Mwalimu, kila penye tatizo umeandika 'kelele'. Sisi kazini kelele ni kitu kimoja, mtawanyiko ni kitu chengine. Kijana akisoma hivi atatafuta dawa isiyo ya ugonjwa wake."

Nilitaka kujitetea kwamba kamusi ndiyo iliyoniponza. Lakini kadiri alivyozidi kunieleza, ndivyo nilivyozidi kuona kosa ni langu.

Tuanze na uzi wenyewe. Wakazi wa Vipingo wanazijua nyuzi za mkonge. Uzi wa faiba ni wa kioo, na mzigo wake ni nuru. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano masafa marefu. Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka ule ule ambao nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. TEAMS inatoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu.

Hata kioo safi hula nuru. Katika uzi wa kawaida, nusu ya nguvu hupotea kila baada ya kilomita 15 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 120, ambao ni kama kutoka Mombasa hadi Malindi, hubaki takriban sehemu moja kati ya 250. Ndiyo maana njiani huwekwa vikuza nguvu. Tatizo ni kuwa kila kikuza huongeza nuru yake mwenyewe, isiyo na mpango wala ujumbe. Hiyo ndiyo kelele. Haina kanuni inayotuwezesha kuitabiri, kwa hivyo haiwezi kutenguliwa moja kwa moja.

Mtawanyiko ni jambo jengine. Chukulia watoto wanaokimbia kutoka Malindi kwenda Mambrui, kundi baada ya kundi. Wakianza wameshikana, lakini wa mbio hutangulia na wazito hubaki nyuma. Wakifika, wa mbio wa kundi la pili wamechanganyika na wazito wa kundi la kwanza. Nuru nayo ina rangi zinazotofautiana kidogo, na ndani ya kioo kila rangi ina mwendo wake. Tukituma alama bilioni 32 kwa sekunde kupitia kilomita 5,000 za uzi wa kawaida, kila alama hutapakaa juu ya majirani wapatao 700. Hapo ujumbe haujapotea. Umevurugwa kwa kanuni inayojulikana, na chenye kanuni kina njia ya kurudishwa.

Njia hiyo imo ndani ya kipokezi. Vipokezi vya zamani vilipima ukali wa nuru tu, iwapo ni nyingi au ni kidogo. Vya kisasa vina leza yao wenyewe. Nuru inayoingia huchanganywa na ya leza hiyo, na kwa kuzilinganisha kipokezi hujua pia wimbi limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake. Kisha wimbi lote hugeuzwa kuwa tarakimu na kukabidhiwa chipu ipige hesabu. Chipu huzisubirisha rangi zilizotangulia hadi zilizochelewa zifike, na kundi likawa kundi tena. Ukali peke yake usingetosha, kwa kuwa ungekuambia watoto wangapi wamefika bila kukuambia nani ni nani.

Je, kelele huachwa tu? La. Hapa mshairi wa Kiswahili ana la kumfunza mhandisi. Ukisikiliza shairi baraza la nje, bodaboda ikapita na kumeza neno la mwisho la mshororo, bado unaweza kulibuni. Kina kinakuambia lazima liishe na silabi gani, na mizani inakuambia zimekosekana silabi ngapi. Mtumaji wa nuru hufanya hivyo hivyo. Huongeza tarakimu za ziada zinazofuata mpango maalumu, na kipokezi kikikuta tarakimu isiyokubaliana na mpango huo, huisahihisha. Kumbuka kwamba bodaboda haikunyamazishwa. Kilichosahihishwa ni kosa lililoletwa na kelele yake. Ikizidi mno, hata kina hakisaidii.

Sasa utaona kwa nini neno langu moja lilikuwa hatari. Fundi akiambiwa tatizo ni kelele, huenda akafikiria kuongeza nguvu ya nuru. Lakini nguvu haiwarudishi pamoja watoto waliotawanyika, na ikizidi, kioo chenyewe huanza kuivuruga nuru kwa namna ambayo ni ngumu zaidi kuitengua.

Kwa hivyo nimerudi kwenye tafsiri yangu na kuweka vitenzi vitatu mahali pa kimoja. Mtawanyiko husawazishwa. Makosa ya kelele husahihishwa. Nuru iliyofifia hukuzwa. Sikuhitaji kubuni neno hata moja, maana yote tulikuwa nayo. Nilichokosa ni kumuuliza mwenye kazi kabla ya kushika kalamu.

Mara nyingi sisi walimu wa lugha hulalamika kuwa Kiswahili hakitoshi kwa sayansi. Pengine huwa tumekitafuta kwenye kamusi peke yake, ilhali fundi aliye kwenye shimo la nyaya kando ya barabara anacho tayari.