Jenereta yanguruma lakini taa haziwaki: Kiini huwa nini?

Mvua ya radi inapovinyeshea vilima vya Kericho alasiri, wakazi wa Chepseon hawahitaji mtabiri wa kuwaambia litakalofuata. Tawi moja likiangukia nyaya, umeme hupotea, na baada ya dakika chache mngurumo wa jenereta husikika kwa kinyozi, kwa muuza maziwa na kwa mwenye hoteli, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea mjini Kericho.

Hata hivyo, kuna siku mngurumo huo huwa wa bure. Injini huwaka mara kamba inapovutwa na petroli hupungua tangini, ilhali taa haziwaki wala friji haifanyi kazi. Mwenye duka huichunguza mashine asione kilichokatika. Aghalabu huishia kuibeba hadi kwa fundi, ambaye asipokuwa mwaminifu humwambia kuwa koili zimeungua na kwamba hana budi kununua nyingine.

Kabla ya kukubali hukumu hiyo, ni vyema mwenye mashine afahamu kwamba jenereta inaweza kuwa nzima kabisa, ila imepoteza kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, yaani usumaku.

Mashine mbili katika fremu moja

Jenereta ni mashine mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ni injini, ambayo kazi yake ni kuzungusha tu. Ya pili ndiyo izalishayo umeme. Injini kunguruma vizuri, kwa hivyo, si ithibati kwamba mwenzake yuko kazini.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha mnamo 1831 kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, umeme huzalika. Lakini jenereta nyingi ndogo hazina sumaku ya kudumu. Zina chuma kilichozungushiwa waya, ambacho hugeuka sumaku umeme unapopita katika waya huo. Je, umeme wa kwanza hutoka wapi?

Mjerumani Werner von Siemens ni miongoni mwa waliolijibu swali hilo mnamo 1867. Chuma kilichowahi kuwa sumaku hubaki na masalio ya nguvu hiyo. Kikizungushwa, masalio hayo huzalisha volti chache. Volti hizo hurejeshwa katika koili, sumaku ikaongezeka nguvu, umeme nao ukaongezeka, hadi zifike volti 240 zinazotumika nchini Kenya. Yote hayo hutukia kwa muda mfupi mno.

Masalio yakipotea, mashine haina pa kuanzia. Hupotea jenereta inapokaa miezi mingi bila kuwashwa, inapopata mtikiso mkubwa, au inapoachwa izimike kwa kuishiwa na petroli huku vifaa vikiendelea kuvuta umeme.

Hapo ndipo penye tatizo kwa wengi. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi ikaingia gizani. Agosti 25, 2023, umeme ulipotea tena karibu kote nchini. Ni siku kama hizo ambapo jenereta iliyosahaulika stoo hutakikana ghafla.

Anza na yaliyo mepesi

Kwanza, chomoa vifaa vyote. Tazama ile swichi ndogo ya usalama iliyo karibu na soketi, ambayo hujizima yenyewe mzigo unapozidi, irudishe. Kisha jaribu taa moja tu, moja kwa moja kwenye jenereta, katika kila soketi. Huenda kosa liko katika waya wa kuunganishia.

Pili, sikiliza mwendo wa injini. Jenereta nyingi za petroli za kawaida hupaswa kuzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika. Petroli iliyokaa muda mrefu huchafua kabureta, injini ikalegea na volti zikashuka.

Tatu, pima. Hapa kipima-volti ni shahidi bora kuliko maneno ya fundi. Kikionyesha volti chache, mathalan tatu au tano, basi masalio ya usumaku yapo na kosa huenda liko katika njia ya kuurejesha umeme kwenye koili. Kikionyesha sufuri kamili, ama usumaku umetoweka au kuna waya uliokatika.

Katika mashine zenye brashi, yaani vipande vidogo vya kaboni vinavyogusa pete za shaba, fundi huzima injini na kuvikagua. Vikiwa vimelika au vimekwama, hubadilishwa. Pete zikiwa na kutu, husuguliwa kwa msasa laini. Kidhibiti volti kikiwa kimeungua, hubadilishwa peke yake bila kugusa koili.

Kurejesha usumaku nako si kazi kubwa. Injini ikiwa imezimwa, fundi huchomoa nyaya mbili za kidhibiti zinazoingia kwenye brashi, akaunganisha betri ya volti 12 kwa sekunde chache tu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kisha huondoa betri, hurejesha nyaya na kuwasha injini. Umeme ukirudi, koili hazikuwa zimeungua.

Zile zisizo na brashi, zikiwemo nyingi kati ya jenereta ndogo za bei nafuu, hutegemea kapasita, na hiyo ndiyo hushukiwa mapema. Tahadhari ni kwamba kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya injini kuzimwa, kwa hivyo isiguswe na asiyejua kuiondolea chaji. Nazo jenereta za kisasa zenye inveta hutumia sumaku za kudumu. Haya ya betri hayazihusu.

Pa kukomea

Umeme ukisharudi, hatari mbili hubakia. Ya kwanza ni moshi. Baridi ya Chepseon huwashawishi wengi kuiweka jenereta ndani na kufunga mlango. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua waliolala. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha.

Ya pili ni kuchomeka jenereta katika soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo unaweza kurudi hadi kwenye transfoma ya mtaa, ikaupandisha kutoka volti 240 hadi 11,000 au zaidi. Mfanyakazi aliyepanda mlingoti kurekebisha laini akidhani haina umeme anaweza kufa papo hapo. Anayetaka kuwasha nyumba nzima hana budi kuwekewa swichi maalumu ya kubadilishia, na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kusimamia kawi na mafuta, EPRA.

Kinga yake ni rahisi. Washa jenereta angalau mara moja kwa mwezi, uiachie taa kadhaa kwa dakika 20 hivi. Kabla ya kuizima, chomoa vifaa kwanza. Na anapoambiwa kwamba koili zimeungua, mwenye mashine ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kutoa pesa: kipima-volti kimeonyesha ngapi?