KABLA MTAJI HAUJAGEUKA GARI, SOMA NAMBA ZAKE

Tunaouza mtandaoni, biashara ikichangamka kidogo tu tunaanza kuwaza gari: asubuhi ipeleke watoto shule, mchana ipeleke mizigo ya wateja. Jina ninalosikia sana ni Toyota Premio. Mimi nauza dagaa na mawese kutoka Katonga, Kigoma, na pesa ya gari kwangu ni ileile ya mtaji. Kwa hiyo dalali akinitumia picha, naomba namba kwanza. Rangi na rimu baadaye.

Tuchukue mfano wa Premio iliyoanza kutoka mwaka 2007.

1. INJINI
Ina injini za cc 1,496, 1,797 na 1,986. Usibahatishe, soma namba ya chesisi. NZT260 ni ile ya 1.5, ZRT260 ni 1.8, ZRT261 ni 2.0. Dalali akikwambia "hii 1.5 boss, haili mafuta" halafu chesisi inasoma ZRT261, mazungumzo ya bei yanaanza upya. Mark X ya kwanza, hata ile ndogo, ni cc 2,499.

Ukiagiza Japani, ushuru wa bidhaa ni 5% kwa cc zaidi ya 1,000 hadi 2,000, ukizidi hapo ni 10%. Gari yenye zaidi ya miaka 10 inaongezewa 30% ya uchakavu. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata shilingi.

2. MAFUTA
Kilomita kwa lita zinazoandikwa na kiwanda zimepimwa maabara, siyo barabarani ukiwa na mzigo na AC. Muulize anayeiendesha kila siku. Halafu fanya hesabu: ukitembea km 300 kwa wiki, gari ya km 12 kwa lita inakula lita 25. Ya km 8 inakula lita 37.5. Tofauti ni lita 50 kwa wiki nne. Zidisha kwa bei ya mkoa wako inayotangazwa na EWURA kila mwezi, siyo bei ya Dar.

3. UZITO
Hapa ndo wengi hatuangalii. Karatasi za Kijapani zinaandika uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Tofauti yake kwa gari ndogo ya watu 5 ni kilo 275, yaani kilo 55 kwa kila mtu. Sasa toa dereva wa kilo 75 na msaidizi wa kilo 65. Zimebaki 135. Dumu la mawese la lita 20 lina karibu kilo 19, kwa hiyo ni madumu 7 tu. Familia nzima ikipanda, buti iwe karibu tupu.

Dagaa wakavu ni wepesi, ila wanajaza nafasi, na harufu watoto wataenda nayo shule. Nenda na gunia lako, jaribu kama linaingia kwenye buti.

4. GEA BOKSI NA TUMBO
Premio hizi zinatumia gea boksi ya CVT. Inataka oil yake ya CVT, siyo ATF ya kawaida. Muulize muuzaji aliweka oil gani na lini. Halafu chuchumaa uangalie chini: sampo imepigwa mawe? Na ukijaza mzigo, nyuma inashuka kiasi gani?

UAMUZI
Andika unacholipa bajaji na boda kwa mwezi, kutoka dukani hadi stendi ya Masanga au popote unaposafirishia. Pembeni andika mafuta, oil, matairi na bima. Gari ikizidi sana, sehemu ya biashara haijilipi, unanunua raha ya familia. Siyo dhambi, lakini pesa yake itoke kwenye faida, mtaji uubakize.

Kwa mwenye nguo, vipodozi au dagaa wa pakiti, Premio ya 1.5 inatosha. Kwa mwenye mawese kama mimi, kukodi kirikuu siku ya mzigo bado kuna akili zaidi.

Wewe kwa wiki unasafirisha kilo ngapi? Andika kwenye komenti tupige hesabu pamoja.