Kuchora shuleni: kikombe kimoja na kipande cha makala vinatosha kuanza

Katika shule nyingi za msingi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, somo la kuchora limeandikwa kwenye ratiba, lakini saa yake mara nyingi inachukuliwa na hesabu au Kifaransa. Mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi unapokaribia, mwanafunzi wa darasa la sita hashiki tena kreyo isipokuwa kwa kuandika. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa kuwa ya bure mwezi wa tisa mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, na mwalimu anajiuliza atatoa wapi karatasi na rangi za kutosha watoto wote.

Pale ambapo saa hiyo ingali ipo, mara nyingi inapita kwa namna moja. Mwalimu anachora nyumba au ua ubaoni, watoto wanaiga kwenye kaye, kisha anapita kati ya mabenchi akitoa pointi. Anayefananisha na ubao anapata nyingi. Mwisho wa saa, mtoto anajua kuchora nyumba ya mwalimu. Ukimwomba achore nyumba ya kwao, anachora ileile ya ubaoni.

Misingi ya kuchora inaweza kufundishwa hata mbele ya darasa kubwa, bila sanduku la rangi kutoka dukani. Inaanza na kazi moja ambayo haina bei: kumfundisha mtoto kuangalia.

Kikombe kinachobadilika

Jaribio la kwanza ni rahisi. Mwalimu anaweka kikombe juu ya meza na kuomba watoto wakichore. Wengi watachora mdomo wa kikombe ukiwa duara kamili kama mwezi, na chini yake mstari ulionyooka kama rula. Mtoto anajua ya kwamba mdomo wa kikombe ni wa mviringo, anajua pia ya kwamba kikombe kinakaa sawasawa juu ya meza. Basi amechora anachokijua, wala hajachora anachokiona.

Hapo mwalimu anainua kikombe mpaka kwenye usawa wa macho ya watoto. Mdomo unageuka kuwa mstari tu. Anakishusha polepole: mstari unafunguka, unakuwa kama yai lililolala. Kila kikishuka, yai linapanuka. Mtoto akisimama na kukiangalia kutoka juu kabisa, ndipo anaona duara. Na chini ya kikombe vilevile pamepinda, tena pamepinda zaidi kuliko mdomo, kwa sababu pako mbali zaidi na usawa wa macho.

Aliyeelewa jambo hilo moja anaweza kuchora ndoo, sufuria, kinu, ngoma na tairi la gari. Somo ni lilelile.

Baada ya hapo yanakuja maumbo. Bidoni ya njano ya kuchotea maji, ambayo kila mtoto wa Goma ameibeba, ni sanduku lenye mabega yaliyoinama na mkono juu yake. Chukudu ni magurudumu mawili, ubao mrefu katikati, na usukani mbele. Mtoto anaanza kwa mistari myepesi ya maumbo makubwa, ndipo anaingia kwenye mambo madogo kama misumari. Anayeanza na misumari anajikuta karatasi imekwisha kabla ya gurudumu la pili.

Kupima kwa kreyo

Hatua inayofuata ni kupima. Mtoto ananyoosha mkono wote, anafunga jicho moja, na kusimamisha kreyo mbele ya kitu anachochora. Kwa kidole gumba anaweka alama ya upana wa kitu, kisha analinganisha na urefu. Bidoni inaingia mara ngapi katika urefu wa mlango? Mkono usikunjwe, kwa maana ukikunjwa kipimo kinabadilika.

Sura ya mtu ndiyo inayoonyesha vizuri faida ya kupima. Karibu watoto wote wanaweka macho juu sana, pale kwenye paji la uso. Wakipima uso wa jirani wa benchi, wanagundua ya kwamba macho yako katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Wakipima mwili mzima, wanaona mtu mzima ana urefu wa vichwa saba hivi, na mtoto mdogo vinne au vitano. Ndiyo maana mtoto aliyechorwa kwa vipimo vya mtu mzima anaonekana kama mzee mfupi.

Fundi wa kushona, seremala na mwashi wanatumia akili hiyohiyo kila siku. Anayekata kitambaa bila kuona umbo lake kichwani anaharibu kitambaa cha mteja. Saa ya kuchora inapofutwa, mtoto atakayejifunza kazi hizo baadaye anakosa mazoezi ya kwanza ya ufundi wake.

Kuiga au kutoiga?

Swali la ubao si geni katika nchi hii. Mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Iliitwa Hangar. Wazo lake lilikuwa kwamba Mwafrika asifundishwe kuiga michoro ya Ulaya. Aliwapa wanafunzi wake vifaa, akawaacha watafute mkono wao wenyewe.

Matunda yake yalijulikana mbali. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, akijaza picha kwa nukta ndogondogo. Mwenze Kibwanga alijenga picha zake kwa mistari mifupi iliyopangwa moja kando ya nyingine. Bela alichora kwa vidole, bila burashi. Watu watatu wa karakana moja, na hakuna anayeweza kuchanganya kazi ya mmoja na ya mwingine.

Lakini njia hiyo ilikuwa na mpaka wake. Picha nyingi za Hangar zilibaki kwenye wanyama, mimea na maisha ya kijijini, mambo yaliyopendwa na wanunuzi Wazungu, huku wachoraji wenyewe wakiishi katika mji wa migodi na reli. Mwaka 1951, Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha Akademia ya Sanaa katika mji huohuo, na Romain-Desfossés alipokufa mwaka 1954, wachoraji wa Hangar wakaelekea huko.

Baadaye, mitaa ya Lubumbashi ilionyesha njia nyingine. Wachoraji wa mjini walijifunza kwa kuigana: mmoja alitoa picha iliyouzika, wengine wakairudia wakibadilisha kidogo. Tshibumba Kanda-Matulu alitoka humo. Alichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, na katika miaka ya 1973 na 1974 alitoa picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia ya nchi, toka kabla ya ukoloni hadi Lumumba na wakati wa Mobutu. Aliiga ili ajifunze, kisha akasema yake.

Kwa mwalimu wa leo, historia hiyo inatoa jibu la wazi. Kuiga si kosa, mradi mtoto asiishie hapo. Mwalimu anaweza kuonyesha ubaoni namna duara la kikombe linavyopinda, kisha afute, na kila mtoto achore kikombe kilicho mbele yake, kutoka benchi alilokalia. Wa mbele hataona sawa na wa nyuma. Michoro 50 ikifanana yote, ni alama ya kwamba watoto wameangalia ubao.

Makala, udongo na rangi tatu

Vifaa si kizuizi kikubwa kama inavyodhaniwa. Mwaka 1926, huko Bukama katika Katanga, Albert Lubaki alikuwa anapamba kuta za nyumba kwa michoro kabla ya afisa mmoja Mbelgiji kumpa karatasi na rangi za maji. Ukuta na udongo vilitangulia karatasi.

Makala ya jikoni yanachora vizuri kuliko kreyo pale ambapo mtoto anajifunza kivuli. Anachora vyumba vitano mstarini: cha kwanza anakiacha cheupe, cha mwisho anakifanya cheusi kabisa, na vitatu vya katikati anavipandisha ngazi kwa ngazi, akisugua kwa kidole. Kisha anachukua jiwe na kuliweka juani karibu na dirisha. Goma haikosi mawe ya volkano. Jiwe ni jeusi, lakini upande wa jua unang'aa, na upande wa pili umezama gizani. Ngazi zile tano ndizo zinalifanya lionekane zito na la kushikika.

Kwa upande wa rangi, tatu zinatosha kuanza: nyekundu, njano na buluu. Njano na buluu zinatoa kijani, nyekundu na njano zinatoa chungwa, nyekundu na buluu zinatoa zambarau. Zote tatu zikikutana, inatoka rangi ya kahawia. Hapo mtoto anayechora uso wa mama yake haombi tena kreyo ya waridi ya dukani eti ndiyo rangi ya ngozi. Anachanganya, analinganisha na mkono wake, anaongeza tone la buluu au la njano mpaka inafika. Daima anaanza na rangi nyepesi na kutia ile nzito kidogokidogo, kwa sababu nzito ikizidi hairudishwi kwa urahisi.

Mahali ambapo hakuna rangi za kununua, udongo mwekundu uliosagwa na kuchujwa, ukichanganywa na uji mwepesi wa wanga wa muhogo, unashika juu ya kartoni.

Inabaki pointi. Njia ya haki ni kumtaka mtoto achore kikombe kilekile mwanzoni mwa muhula na tena mwishoni, kwenye kaye moja, na tarehe juu yake. Mwalimu halinganishi mtoto na jirani yake wala na ubao. Analinganisha ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na mzazi akifungua kaye hiyo anaona mwenyewe kama mtoto wake ameanza kuona.