Nyota wa Lipuli, faida ya Dar

Mwaka 1976 Yanga ilipasuka. Mgogoro wa uongozi ulizaa Pan African, na wachezaji wazito wakahamia klabu hiyo mpya kwa mkupuo. Soka lilikuwa la ridhaa, kwa hiyo hapakuwa na ada ya uhamisho ya kuzungumzia. Hasara ilionekana uwanjani: Simba ilitwaa ubingwa wa Bara mfululizo hadi 1980.

Bei ya mchezaji ilikuwepo, ila ililipwa kwa ajira. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashirika ya umma yaliendesha timu, na majina yalijieleza: Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, RTC Kagera, na huku nyanda za juu Mecco ya Mbeya, timu ya kampuni ya ujenzi. Kijana mwenye kipaji alishawishiwa kwa kazi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Ilikuwa biashara kamili, kasoro risiti.

Kwingineko bei ya mchezaji ilianza kuwekwa wazi. Desemba 1975, huko Marekani, msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba wachezaji wa besiboli Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru kujiunga na timu nyingine, kwa kuwa msimu mzima ulipita bila wao kusaini mkataba mpya. Mishahara ya mchezo ule ikapaa. Kwetu, Sunday Manara, maarufu kwa jina la Kompyuta, ilibidi aende Heracles ya Uholanzi ndipo miguu yake ipate bei.

Nyanda za Juu Kusini zimekuwa shamba zuri la soko hili. Tukuyu Stars ilibeba ubingwa wa Bara 1986, na Sekilojo Chambua alipitia hapo kabla ya kung'ara Yanga. Mbeya City, iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji, ilimaliza ya tatu msimu wa 2013/14, juu ya Simba. Mwaka 2015 mchezaji wake Deus Kaseke akachukuliwa na Yanga.

Iringa ndiko hesabu inakouma zaidi. Lipuli ilirejea Ligi Kuu 2017, na dirisha dogo la Desemba mwaka huohuo beki wake Mghana, Asante Kwasi, akatua Simba. Mwaka 2018 Adam Salamba akafuata njia ileile. Juni 2019 Lipuli, maarufu Wanapaluhengo, chini ya kocha Selemani Matola, walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Ilulu, Lindi, wakafungwa na Azam bao 1-0. Miraji Athuman akasajiliwa Simba, Matola naye akaondoka. Msimu uliofuata Lipuli ikashuka daraja.

Kuuza si kosa. Swali ni kinachobaki. Uwanja wa Samora ni mali ya CCM, kwa hiyo klabu ni mpangaji nyumbani kwake. Enzi za Ligi Kuu, Simba au Yanga ilipopanda mlima kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini, nyumba za wageni zilijaa, bodaboda hazikupatikana na wauza mahindi ya kuchoma waliishiwa mapema. Wiki iliyofuata, majukwaani kulikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu, na mishahara ilidaiwa palepale.

Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu miaka 12 hadi 23, lakini klabu haipati fungu hilo mchezaji wake anapohama ndani ya nchi ileile. Safari ya Salamba kutoka Iringa hadi Dar es Salaam haimo. Klabu ndogo inabaki na silaha moja, yaani mkataba: miaka ya kutosha, na kipengele cha asilimia pale mchezaji atakapouzwa tena. Kiongozi anayemwachia kinda acheze kwa mkataba wa msimu mmoja anamgawa bure.

Hadi msimu wa 2024/25 unamalizika, Iringa ilikuwa bado haijarudisha timu Ligi Kuu.