Mkenya Aliyeitia Nakshi Nyumba Yake ya London kwa Mbao Zilizotupwa

Mtu apitaye karibu na mabanda ya wachongaji wa Malindi husikia sauti ya tezo na patasi kabla hajawaona mafundi wenyewe. Wamekaa chini ya kivuli, kila mmoja na kipande chake cha mti, na miguuni pao vibanzi vimerundikana. Zamani wachongaji wa Pwani walipenda zaidi mpingo na muhugu. Lakini miti hiyo hukua polepole sana, na muhugu wa msitu wa Arabuko-Sokoke ulikatwa hata ukawa haba. Ndipo wengi wakageukia mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, ambao humea upesi kila mahali, hata wengine huuhesabu kuwa ni magugu tu. Mti uliodharauliwa umekuwa twiga, bakuli na vijiko, navyo husafiri katika mizigo ya wageni mpaka Ulaya na Marekani.

Wazee wa Pwani husema kwamba mgagaa na upwa hali wali mkavu, yaani mtu atembeaye ufukoni huku akitazama hakosi kitoweo. Methali hiyo yawafaa sana wachongaji hao. Nayo yamfaa vile vile Mkenya mmoja, mwandishi wa vitabu, ambaye hakuzaliwa Pwani wala hakufia Pwani. Upwa wake ulikuwa barabara za London, na kitoweo chake kilikuwa mbao kuukuu zilizotupwa na watu. Jina lake lilikuwa Khadambi Asalache.

MTOTO WA CHIFU

Bwana Asalache alizaliwa Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1935. Baba yake alikuwa chifu, naye ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza. Yasimuliwa kwamba alipokuwa akichunga mifugo ya baba yake alichukua kitabu, akasoma Shakespeare huku wanyama wakila majani. Baadaye alisoma katika shule ya Mang'u, kisha akaingia Royal Technical College ya Nairobi, chuo ambacho ndicho kilichokua hata kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko alijifunza usanifu wa majengo. Halafu alivuka bahari akajifunza sanaa katika miji ya Roma, Geneva na Vienna, na mwaka 1960 akafika London.

Msomaji na ayaweke moyoni mambo hayo mawili, kitabu na jengo, kwani maisha yake yote yalikwenda kwa miguu hiyo miwili.

KITABU UGENINI

Mtu akiwa ugenini, lugha yake aweza kuifanya mtaji. Bwana Asalache alifundisha Kiswahili katika shule ya lugha ya Berlitz, akafanya kazi pia na idhaa ya BBC iliyotangaza kwa Afrika. Wakati huo huo alikuwa akitunga mashairi na hadithi kwa Kiingereza.

Mwaka 1967 kitabu chake A Calabash of Life kilipigwa chapa. Ni hadithi ya kijana shujaa anayetaka kuurudisha utawala wa ukoo wake ulionyang'anywa. Siku zile riwaya za Kiingereza zilizotungwa na Wakenya zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Weep Not, Child ya Ngugi wa Thiong'o ilikuwa imetoka mwaka 1964, na The Promised Land ya Grace Ogot mwaka 1966. Kwa hiyo kijana wa Kaimosi alikuwa miongoni mwa watangulizi. Mwaka 1971 hadithi yake nyingine, The Latecomer, ilitangazwa na BBC katika idhaa ya Afrika, na mwaka 1973 diwani ya mashairi yake, Sunset in Naivasha, ikatoka.

Kitabu ni kama bidhaa ya sokoni; kisiponadiwa, mpita njia hajui kwamba kipo. Na mwandishi akaaye mbali na kwao ana taabu zaidi, kwa sababu wale anaosimulia habari zao wako huku, na wapiga chapa wako kule. Katika miaka ile redio ilikuwa mnadi mkubwa. Sauti iliyotoka London iliweza kumfikia mtu aliyeketi barazani kwake jioni, ingawa hakuwa na duka la vitabu karibu.

Lakini sifa za kitabu ni kitu kimoja, na kodi ya nyumba ni kitu kingine. Waandishi wachache mno hula kwa kalamu peke yake. Bwana Asalache alirudi masomoni akapata shahada ya falsafa ya hesabu katika chuo cha Birkbeck, kisha akaajiriwa katika Hazina ya Serikali ya Uingereza. Akawa mtumishi wa Serikali kama watumishi wengine, mtu wa kwenda kazini kwa basi asubuhi na kurudi kwa basi jioni.

NYUMBA YENYE UKUTA WA MAJI

Mwaka 1981 alinunua nyumba kusini ya London, namba 575 katika Wandsworth Road, kwa bei isiyofika pauni 31,000. Ilikuwa nyumba ndogo ya karne ya 19, iliyoshikana na nyingine katika safu yake, tena ilikuwa katika hali mbaya. Sifa yake moja ilikuwa kwamba basi la kumpeleka kazini lilipita mbele ya mlango.

Nyumba hiyo ilikuwa na kasoro iliyomsumbua. Jirani yake palikuwa na mahali pa kufulia nguo, na unyevu ulipenya ukutani katika chumba cha kulia chakula, kilicho chini kabisa. Rangi haikai juu ya ukuta wa namna hiyo. Ipakwe leo, kesho itabambuka. Bwana Asalache hakuwa na fedha za kumwaga. Lakini alikuwa na macho. Katika mitaa ya London, watu watengenezapo nyumba zao hutupa mbao za zamani katika masanduku makubwa ya chuma yawekwayo barabarani. Akaokota mbao za misonobari zilizokuwa sakafu za nyumba za watu, akazichukua kwake, akauziba ukuta wenye maji.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye aliutazama ukuta wa mbao, akauona uko mtupu. Basi mwaka 1986, naye ana miaka 51, akaanza kukata nakshi katika vipande vyembamba vya mbao na kuvipigilia juu ya ule ukuta. Ulipojaa ukuta mmoja akahamia wa pili, kisha akaendelea na dari, milango, ngazi, makabati ya vitabu, hata vifuniko vya taa. Sakafu nazo akazipaka rangi kwa michoro. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka ipatayo 20.

Vyombo vyake vilikuwa vya kustaajabisha kwa uchache: keekee ya kutobolea na msumeno mdogo wa mkono. Hapakuwa na mashine kubwa wala kundi la mafundi. Atazamaye kwa makini huona kwamba ua moja halilingani kabisa na ndugu yake, kwa kuwa yote mawili yalikatwa na mkono wa binadamu. Humo mna ndege, twiga, maua, wachezaji wa ngoma za Kizungu, na herufi za majina yake na ya mwenzake wa maisha, ambaye alikuwa msusi wa vikapu.

VITU VYA KUOKOTA NA KUNUNUA

Pamoja na nakshi, nyumba ilijaa vitu vidogo ambavyo Bwana Asalache alivikusanya: vidau vya wino vya kioo, vyombo vya udongo vya Kiingereza vyenye mng'aro kama wa shaba, kadi za posta, na vitu vingine vingi. Vyote pamoja vyapita 2,000. Kila kimoja alikichagulia mahali pake, na mara nyingi rafu yenyewe aliikata kwa ajili ya kitu kile kitakachokaa juu yake.

Mtu wa Pwani akisikia habari hizo hatazishangaa sana. Katika nyumba za mawe za kale, kuta zilikuwa na mashubaka, na Lamu huitwa zidaka, mahali pa kuweka sahani nzuri na vyombo vya thamani ili mgeni avione. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambayo Bwana James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, yalitoa vigae vya vyombo vilivyotoka China. Kwa hiyo desturi ya kuupamba ukuta kwa kitu kizuri kilichotoka mbali ni desturi ya kale katika nchi hii.

Na nakshi pia yatoka upande huu. Miongoni mwa kazi zilizomvutia Bwana Asalache ni milango ya kuchonga ya Unguja, jamii moja na ile ipatikanayo katika miji mingine ya Waswahili, na pamoja nayo kuta za mbao za nyumba za Damascus, nyumba za ukingoni mwa maji za Istanbul, na jumba la Alhambra la Wamori huko Granada. Hakunakili hata moja. Alivitia vyote katika kichwa cha mtu aliyejifunza ujenzi na hesabu, navyo vikatoka vimekuwa kitu chake mwenyewe.

KILICHOCHUKULIWA NA KILICHOBEBWA KICHWANI

Hapa Kilifi pana habari nyingine ya miti ya kuchonga iliyokwenda ng'ambo, nayo ni ya huzuni. Wagiriama na baadhi ya Wamijikenda wengine humsimamishia mzee wa chama cha Gohu kigango, nguzo iliyochongwa kwa ukumbusho wake baada ya kufa. Kigango si pambo. Kikisha kusimamishwa hakifai kuondolewa, kwani ni mzee mwenyewe amekaa na watu wake. Lakini tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viling'olewa usiku, vikauzwa kwa wafanya biashara wa vitu vya sanaa, vikaishia katika nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani.

Baadhi vimerudi. Kigango kilichoibwa Kaloleni mwaka 1985 kilirudishwa kwa jamaa yake kwa sherehe mwaka 2007. Jumba moja la makumbusho la mji wa Denver lilitangaza mwaka 2014 kwamba litarudisha vigango 30, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Vingine bado viko ugenini.

Tofauti yaonekana wazi. Aliyekinunua kigango alipata mti, lakini hakupata maana yake. Nayo jamaa ilibaki na shimo ardhini. Bwana Asalache hakung'oa mlango wa mtu. Alichokibeba alikibeba kichwani, na miti aliyoitumia ilikuwa imekwisha kutupwa na wenyewe. Kwa njia hiyo nyumba moja ilitajirika, wala hakuna nyumba nyingine iliyofukarika.

NYUMBA INAMNADI MWENYEWE

Bwana Asalache alifariki mwaka 2006. Katika wasia wake aliiacha nyumba kwa National Trust, shirika linalotunza majumba na mashamba ya kale ya Uingereza. Wakuu wa shirika hawakuwa na jibu la haraka. Wao walizoea majumba ya mabwana wakubwa, na hii ilikuwa nyumba ya mtumishi wa Serikali, nyembamba, na mapambo yake ni mepesi kuvunjika. Tena kuitunza daima kulitaka fedha nyingi. Laiti wangekataa, pengine ingeuzwa, na mnunuzi angezing'oa mbao zote na kuzirudisha katika lile sanduku la chuma zilimotoka. Lakini shirika liliikubali mwaka 2010, na mwaka 2013 milango ikafunguliwa kwa wageni.

Huingia watu wachache tu kwa zamu, kwa sababu nafasi ni ndogo. Nao huvua viatu mlangoni, kama afanyavyo mtu aingiapo katika nyumba yenye mkeka Malindi au Takaungu. Wengi wao hawajapata kumsikia mwandishi huyu. Huja kuitazama nakshi, na wakiwa ndani huambiwa kwamba mwenye nyumba alikuwa mshairi na mtunzi wa hadithi. Hivyo kazi ya mkono ndiyo inayokinadi kitabu, baada ya mwenyewe kunyamaza.

Karani arudiye nyumbani jioni akiwa amechoka, na mkulima aliye na saa mbili za mapumziko baada ya palizi, huenda wakadhani kwamba kazi nzuri ni ya watu wenye mali na nafasi. Habari za nyumba namba 575 zasema vingine. Aliyeitengeneza alikuwa mtu wa mshahara. Alianza baada ya miaka 50, kwa sababu ya ukuta uliotoa maji, kwa mbao ambazo hazikumgharimu kitu. Hakuijaza nyumba kwa mwaka mmoja wala kwa miaka mitano. Alikata ua moja, akalipigilia, kisha akaliendea la pili.

Na pale Malindi, tawi la mwarobaini lililoangushwa na upepo lingali njiani. Mmoja ataliruka aende zake. Mwingine atainama aligeuze, aitazame mishipa ya mti, aone ndani yake kitu ambacho bado hakijachongwa.