CHAKULA CHA SHULE NI CHA BURE, LAKINI NANI ANALIPA?



Sisi wahamasishaji tunapopita nyumba kwa nyumba, swali moja linarudi siku hizi, hasa kwa jamaa waliotoka Nyanza-Lac, Rumonge na vijiji vya kando ya ziwa: "Tukirudi, watoto watapata chakula shuleni?" Wengine mnauliza kwa sababu mnaona mgao wa kambini hautoshi. Wengine watoto wenu wametangulia kwa babu na nyanya zao. Karatasi hii haikuambii urudi wala ubaki. Huo ni uamuzi wako na wa nyumba yako. Inakueleza jambo moja: chakula kinachoitwa cha bure kinalipiwa na nani, na kwa nini unatakiwa kulijua hilo kabla ya kukitegemea.

KWA NINI CHAKULA SHULENI?

Mtoto mwenye njaa hamsikii mwalimu. Hilo kila mzazi analijua. Lakini kando ya ziwa tatizo lina sura yake. Mvulana akikosa chakula nyumbani, ziwa liko karibu. Usiku anakwenda na wavuvi wa ndagala, asubuhi analala darasani au haji kabisa. Msichana anabaki nyumbani kulea wadogo zake wakati mama yuko shambani au kwenye kazi ya mawese. Sahani moja ya maharage saa sita mchana inabadilisha hesabu ya mzazi. Mtoto akila shuleni, nyumbani kuna mdomo mmoja pungufu mchana huo, na mzazi haoni hasara kumruhusu mtoto asome.

MIFUKO MITATU

Chakula cha shule hulipwa kutoka mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni wa wafadhili, yaani nchi za nje na mashirika kama PAM, ambalo wengine mnaliita WFP. Mfuko huu unaweza kuwa mkubwa, lakini ufunguo wake uko mbali. Mwaka 2025 PAM lilikadiria kupata fedha pungufu kwa asilimia 40 hivi duniani kote kuliko mwaka 2024. Mtoto wa Burundi hakufanya kosa lolote, wala mwalimu wake. Fedha ilipungua huko inakotoka.

Mfuko wa pili ni wa serikali. Hii ni fedha ya kodi na ushuru, inayoandikwa katika bajeti ya taifa na kupitishwa na bunge. Kwa kawaida ni ndogo kuliko ya wafadhili, lakini raia ana haki ya kuidai na kuuliza imekwenda wapi.

Mfuko wa tatu ni wa wazazi: kuni, maji, mpishi, na mara nyingine maharage au faranga kidogo. Kwa hiyo neno "bure" lisikudanganye. Hata pale serikali na PAM wanapoleta chakula, mara nyingi wazazi ndio wanaowasha moto.

BURUNDI IKOJE?

Mwaka 2005 serikali ya Burundi iliondoa ada ya shule ya msingi. Watoto walikuja kwa wingi, madarasa yakajaa, na shule nyingi zikagawa wanafunzi wa asubuhi na wa mchana. Ada iliondolewa, lakini njaa haikuondolewa.

Kantini za shule zilisimamiwa kwa miaka mingi na PAM pamoja na wizara ya elimu. Baadaye ukaanzishwa mpango wa taifa wa kantini za shule, na serikali ikaanza kuweka fedha yake kwenye bajeti. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini chakula hakikufika kila mahali. Katika miaka ya 2010 orodha ilikuwa ya mikoa saba: Bubanza, Cibitoke, Bujumbura Vijijini, Gitega, Kirundo, Muyinga na Ngozi. Makamba, iliyokuwa na komini ya Nyanza-Lac, haikuwamo. Rumonge pia haikuwamo. Tangu mwaka 2025 mikoa ya Burundi imekuwa mitano, na pwani hiyo iko katika mkoa mpya wa Burunga. Jina la mkoa kubadilika si ushahidi kwamba chakula kimefika. Usikubali jibu la jumla kwamba "Burundi kuna kantini". Uliza kwa jina la shule.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Kenya ilianza mpango wa serikali mwaka 2009. Shule zilitoka mikononi mwa PAM kidogo kidogo, na mwaka 2018 PAM likakabidhi za mwisho. Lakini shule za kambi za Dadaab na Kakuma zilibaki kwa wafadhili. Hilo sisi wakimbizi tulikumbuke: bajeti ya taifa mara nyingi huishia nje ya uzio wa kambi.

Rwanda, mwaka 2021, ilipanua chakula cha shule kwa wanafunzi wote, kuanzia chekechea hadi sekondari. Mwaka 2022 mzazi wa shule ya msingi aliwekewa mchango wa faranga 975 kwa muhula, serikali ikabeba sehemu kubwa iliyobaki.

Tanzania iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini chakula cha shule za kutwa kikaachwa kwa makubaliano ya wazazi. Matokeo yake ni kwamba shule mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana: moja wanafunzi wanakula, nyingine hawali.

TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano tu wa shule yenye wanafunzi 600. Kila mmoja apewe gramu 150 za mchele au unga na gramu 40 za maharage kwa siku. Siku moja zinahitajika kilo 90 za mchele au unga na kilo 24 za maharage. Kwa siku 180 za masomo, ni kilo 16,200 za mchele au unga na kilo 4,320 za maharage. Hayo ni magunia 162 na mengine zaidi ya 43, ya kilo mia mia. Bado mafuta, chumvi na usafiri. Hiyo ni shule moja tu.

Sasa mnaona kwa nini serikali inasita. Lakini mnaona pia faida. Magunia hayo yakinunuliwa kwa vyama vya wakulima wa hapo hapo, fedha ya bajeti inarudi kwa mzazi yule yule mwenye mtoto shuleni. Imbo inatoa mchele, muhogo na mawese. Sufuria ya shule ni soko.

FEDHA ILIYOANDIKWA SI FEDHA ILIYOTOKA

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mkisikia redioni kwamba bajeti imepita, bado kuna hatua tatu. Kwanza, fedha itolewe. Mwaka wa bajeti wa Burundi unaanza Julai na shule zinafunguliwa Septemba. Fedha ikichelewa, muhula wa kwanza unapita bila sufuria. Pili, bei. Kama faranga zilizoandikwa ni zile zile na maharage yamepanda, sahani inapungua au siku za kula zinapungua. Tatu, usafiri. Nchi imepata shida ya mafuta ya gari kwa miaka kadhaa, na chakula kilicho ghalani bila lori hakimshibishi mtoto.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Kama una jamaa kule mwenye simu, mwombe amwendee mkurugenzi wa shule na kumwuliza haya:

1. Kantini ipo mwaka huu, au ilikuwapo zamani?
2. Fedha ni ya serikali au ya mradi? Kama ni mradi, unakwisha lini?
3. Mwaka uliopita watoto walikula siku ngapi kwa hakika?
4. Wazazi wanatoa nini, na asiye na kitu anafanyaje? Mtoto wake anakula au anafukuzwa?
5. Kamati ya wazazi ipo? Ufunguo wa ghala unashikwa na nani?

Swali la tatu lina uzito kuliko yote, maana ahadi hazihesabiki lakini siku zinahesabika.

Jambo la mwisho ni hili. Chakula cha shule hupimwa kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Mtoto anayefika katikati ya mwaka bila karatasi anaweza kukaa darasani lakini asihesabiwe jikoni. Kwa hiyo, popote utakapokwenda, tunza cheti cha kuzaliwa na ripoti ya shule ya kila mtoto. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki zisilowe. Na mwandikishe mapema, kabla shule haijapeleka hesabu yake.

Mwenye swali amwone mhamasishaji wa mtaa wake. Asiyejua kusoma, jirani amsomee karatasi hii.