Fahamu: Kwa nini mifupa ya wanawake huvunjika kirahisi hedhi inapokoma

Osteoporosisi ni hali ya mifupa kupungukiwa na uzito na kubaki na matundu mengi ndani, hadi ivunjike kwa kishindo kidogo tu. Haiumi mpaka mfupa uvunjike: mara nyingi kifundo cha mkono, uti wa mgongo au nyonga.

Kwa nini wanawake?
Homoni ya estrojeni hulinda mifupa. Hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, kinga hiyo hushuka na mifupa hudhoofika kwa kasi miaka michache inayofuata.

Maisha ya sokoni
Mama anayeuza katika soko la Kibuye, Kisumu, ana jua linaloupa mwili vitamini D. Ana pia omena, ambayo huliwa nzima na mifupa yake, hivyo ina kalisiamu tele. Lakini kukaa kwenye kigoda kutwa hakuimarishi mifupa, kutembea huimarisha. Sigara na pombe nyingi huidhoofisha. Wembamba uliokithiri pia, jambo linalowashangaza wengi waliozoea kuonywa kuhusu unene.

Dawa za VVU
Athari ya dawa hizi kwa mifupa haizungumzwi vya kutosha. Kaunti za ziwani zina maambukizi mengi kuliko wastani wa Kenya, na tenofovir, iliyomo katika vidonge vya wengi, inaweza kupunguza kiasi uzito wa mifupa. Usiache dawa, muulize daktari.

Nani apimwe?
Hasa aliyepita miaka 50 akavunjika mfupa kwa kuanguka tu akiwa amesimama.